Skopje, Mji wa Sanamu

Mgeni akifika Skopje, mji mkuu wa Makedonia Kaskazini, amwamkie nani kwanza: watu au sanamu? Mradi wa Skopje 2014 uliujaza mji simba, watakatifu na mashujaa, pamoja na meli za zege mtoni Vardar ambazo hazijang'oa nanga hata siku moja. Uwanjani yupo Alexander Mkuu juu ya farasi, ila kwa kuichelea Ugiriki, inayomdai kuwa wake, akapewa jina la “Shujaa Juu ya Farasi”.

Uhai wenyewe uko ng'ambo ya Daraja la Mawe, katika soko la kale.

Saa ya kituo cha zamani cha treni ilisimama saa 11:17 alfajiri, tetemeko lilipoubomoa mji Julai 26, 1963. Msafiri mwenye nafasi ya picha moja aziache meli, aende kituoni.