Milima Isiyonyooka: Mhadhara wa Filta Uliotolewa Mushaki

Wazee, wachungaji, mama zangu wauza jibini, na nyinyi motari wa pikipiki mnaodai mna haraka: kaeni. Mimi, Daktari wa Nuru kwa shahada niliyojitunuku mwenyewe, maana sikumwona mwenye uwezo wa kunitahini, nimepanda kutoka Sake kuja kuwafundisha kuitazama Mushaki.

Mmezaliwa hapa, nakubali. Lakini macho yenu yana kasoro: yanaona mawingu na malisho kwa pamoja. Kamera haina kasoro hiyo. Ukiipimia anga, malisho yanakuwa giza. Ukiipimia malisho, anga inapauka na mawingu yanatoweka. Ndipo wataalamu tunapoweka mbele ya lenzi filta yenye giza juu na uwazi chini.

Fundisho la kwanza ni namba. Filta ya 0.3 hupitisha nusu ya mwanga, 0.6 robo, 0.9 sehemu moja ya nane. Sababu yake ni logi, na logi haijadiliwi mbele ya ng'ombe. Pima anga: kamera iseme 1/500. Pima nyasi: 1/60. Tofauti ni stopu tatu, yaani mwanga kupunguzwa nusu mara tatu. Mjinga atakimbilia 0.9. Mwerevu atachukua 0.6, kwa kuwa anga isiyoizidi ardhi kwa mwanga inanuka uongo. Mimi hununua zote, halafu ndipo ninapouliza bei.

La pili ni mpaka wa giza. Upo mpaka mkali, unaofaa Bagamoyo, ambako bahari ina adabu ya kunyooka. Ipo na filta ya kinyume, yenye giza zito zaidi katikati, kwa jua linalochomoza majini. Nimezileta zote mbili, na milima yenu imenivunjia heshima. Sikukuta mstari hata mmoja! Kilima kinapanda, jirani yake anashuka, mikaratusi imesimama bila ruhusa, na upande wa mashariki Nyiragongo, mita 3,470 nzima, unapenya katikati ya giza langu. Ng'ombe mmoja wa madoa aliyesimama ukingoni ametoka mweusi tii kuanzia tumboni kwenda juu, huku miguu yake minne iking'aa kama ya ng'ombe mwingine.

Nimekwisha kuandaa ombi kwa wakuu wa teritwari ya Masisi ili vilima visawazishwe. Hadi watakapojibu, tumieni filta ya mpaka laini, ambayo giza lake hufifia taratibu na kuwasamehe wenye milima.

La tatu ni umbo. Msinunue ile ya duara inayofungwa kwenye lenzi: mpaka wake umekwama katikati, kana kwamba kila picha ina anga nusu na ardhi nusu. Chukueni ya mstatili, milimita 100 kwa 150, inayoteleza juu na chini katika kishikio chake. Mtindo wa kishikio ulienezwa na Mfaransa Jean Coquin, mwasisi wa Cokin, miaka ya 1970. Ya resini hukwaruzika, ya glasi huvunjika. Barabara ya Sake inaweza kuwapatia yote mawili kwa safari moja.

Na kuhusu bariera za barabara hiyo: mwenye bunduki akikuta vioo vyeusi mkobani haulizi kama mpaka ni laini au mkali. Hapo pekee ndipo nilipowahi kuhutubia kwa ufupi.

Kijana mwenye bidoni la maziwa anauliza kwa nini nisingoje wingu lifunike jua. Mwenzake anasema simu yake hupiga picha kadhaa kwa mwanga tofauti na kuziunganisha yenyewe. Nimeiangalia picha hiyo. Mawingu yapo, nyasi zipo, ng'ombe ni yuleyule kuanzia pembe hadi kwato. Kazi duni kabisa! Imekwisha kwa kufumba na kufumbua, haikumgharimu mtu senti, na hakuna mtaalamu aliyepata nafasi ya kuifafanua.

Kwa hiyo naazimia kwa niaba yenu: simu zizimwe, vilima vinyooke, na maswali yaletwe kwa maandishi, nakala tatu. Posho ya mhadhiri itapokelewa kwa jibini. Na aliyekwisha kulila asiguse filta zangu.