Shahada ya Ujumuishi kwa Njia ya Mkato

Mdogo wangu, umechaguliwa kusomea ulemavu na ujumuishi wa jamii, na Bodi imekupa mkopo. Hongera. Bumu likiingia, nunua kwanza shati la kupigia picha ya mahafali. Mengine nitakuelekeza.

1. Tafuta desa. Yanayotakiwa yanaenea ukurasa mmoja: Sera ya Taifa ya 2004, Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania iliuridhia 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Kariri miaka. Mhadhiri akiuliza kilichomo ndani, kunja uso kidogo na useme, "Changamoto ni utekelezaji." Sijaona aliyefeli kwa jibu hilo.

2. Fildi omba Nkoaranga. Kuna kibaridi cha Meru, ndizi, kahawa, na hospitali ya Walutheri yenye mandhari safi ya picha. Ila unaotakiwa kuwahoji wengine wanaishi juu huko migombani, na masika udongo unateleza hadi bodaboda anakataa abiria. Ukishindwa kupanda kwa miguu yako miwili mizima, usihangaike. Andika: "Wazazi huwaficha watoto wenye ulemavu majumbani."

Ukiwa huko, ukwepe Tengeru. Pale kuna Chuo cha Ualimu Patandi, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, na unaweza kukutana na mtu anayesoma nukta nundu kwa vidole haraka kuliko wewe unavyosoma slaidi zako. Ukwepe na kituo cha Walutheri cha Usa River, ambako vijana wenye ulemavu hufundishwa ufundi. Mmoja wao ataweka kazi yake chini akuulize, "Na wewe kaka, unasomea kutengeneza nini?" Swali la namna hiyo linaweza kukuongezea mwaka chuoni.

3. Usiulize habari za maji. Nasisitiza hapa, maana wengi huponzwa na udadisi. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana floridi nyingi. Mtoto akikua akiyanywa, meno hugeuka kahawia. Ikizidi sana, miguu hupinda. Jambo lenyewe si siri: Ngurdoto pana kituo kilichotafiti namna ya kuichuja floridi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Sasa fikiria. Ukianzia hapo, itabidi uchukue sampuli, umtafute mhandisi wa maji, na uingize mifupa ya ng'ombe kwenye Sura ya Nne. Msimamizi wako hatakuelewa. Wewe andika kuwa chanzo cha ulemavu ni "imani potofu za jamii." Imani haipelekwi maabara, na jamii uliyoisingizia haitaisoma tasnifu yako.

4. Dodoso jaza mwenyewe. Tumia kalamu za rangi mbili, na wachache wape "sikubaliani kabisa" ili wafanane na watu. Nafsi ikikusuta, muulize bibi mwenye nyumba unakopanga:

"Shikamoo bibi. Je, jamii ya hapa inawapenda watu wenye ulemavu?"

"Marahaba mjukuu wangu. Tunawapenda sana."

Asilimia 100! Funga daftari hapo hapo, kwa sababu bibi bado anaendelea: mjukuu wake ana kiti cha magurudumu, choo cha shule kina ngazi, kwa hiyo mtoto anashinda nyumbani. Mshukuru, mwambie chai ilikuwa tamu.

5. Siku ya kutetea tasnifu utaitwa ghorofa ya pili, na lifti hakuna. Panda upesi, uanze na slaidi ya "miundombinu rafiki."

6. Ajira ipo. Sheria ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Waajiri wengi watamhitaji msomi wa kuwaeleza wakubwa, kila mwaka, kwa nini "bado hajapatikana mwenye sifa." Ofisi watakupa, na kiti kinachozunguka. Desa la kuandikia ripoti unalo tayari. Badilisha mwaka tu kwenye jalada.