Sifa za Kitabu Kinene Kisichosomwa

Waungwana wa kalamu wamekwisha kusifu mnazi kwa manufaa yake, jahazi kwa mwendo wake, na wafalme kwa hidaya zao. Walakini yupo mnyonge mmoja ambaye, kwa unene wa mwili wake na ukavu wa ulimi wake, hajaonewa huruma na mshairi yeyote, nami leo nimekusudia kumtolea haki yake. Namkusudia yule aitwaye tathmini ya athari kwa mazingira, na hasa yule ambaye serikali ya Marekani hulazimika kumwandika inapotaka kutunga au kubadili pakubwa kanuni za kuhifadhi maji ya Mto Colorado na kuyagawa baina ya majimbo saba: kitabu cha mamia ya kurasa, chenye majedwali tele, ambacho watu hukipima kwa ratili badala ya kukisoma.

Msifu mwenye adabu huanza na nasaba. Kabla mtukufu wetu hajazaliwa, mambo ya mto yaliamuliwa kwa karatasi chache. Mwezi wa Novemba 1922, huko Santa Fe, wajumbe wa majimbo saba, wakiongozwa na Herbert Hoover aliyekuwa waziri wa biashara, walitia saini mkataba ulioukata mto sehemu mbili, ya juu na ya chini, kila sehemu ikapewa eka-futi milioni 7.5 kwa mwaka, na eka-futi moja ni maji ya kufunika eka moja kwa kina cha futi moja. Ufasaha ulioje! Hesabu ilifuata miaka iliyokuwa na maji mengi kuliko ada, Mexico haikualikwa, makabila ya wenyeji hayakualikwa, yakaachiwa sentensi moja, na samaki, kama ilivyo desturi yao, hawakutuma mjumbe. Matunda ya ufupi huo yalikuwa matamu. Arizona ilikataa kuuridhia mkataba hata mwaka 1944. Mwaka 1934 gavana wake, Benjamin Moeur, alipeleka askari ukingoni kuzuia ujenzi wa bwawa la Parker. Na kesi yake na California, iliyofunguliwa 1952, ilihukumiwa 1963, ikiwa imewalisha mawakili kwa miaka 11. Ndipo Januari 1, 1970, Rais Richard Nixon alipotia saini sheria ya taifa ya mazingira, na mtukufu wetu akapata kuzaliwa.

Tazameni subira yake. Ni sharti aeleze njia mbalimbali za kutimiza shauri moja, na miongoni mwa hizo aieleze pia njia ya kutofanya lolote, akiipima kwa makini yale yale. Nani mwingine katika kazi za serikali hupewa mshahara wa kutafakari kukaa kitako? Huzipokea barua za mkulima, za mvuvi, za mwenye mashua na za mwenye hasira tu, kisha huzijibu. Ni sharti aulize maswali ambayo mtu mwenye haraka huona haya kuyauliza: maji yakishuka katika Ziwa Mead, mierebi ya ukingoni itakuwaje, na ndege mdogo anayetaga humo atahamia wapi, tena maji ya baridi yatokayo bwawa la Glen Canyon yatamfanyaje yule samaki mwenye nundu, ambaye duniani kote hapatikani ila katika mto huu na matawi yake?

Ama unyenyekevu wake hauna kifani, kwa kuwa hana amri juu ya mtu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza mwaka 1989 kwamba sheria iliyomzaa humkataza afisa kutenda kwa ujinga, lakini haimkatazi kutenda bila hekima. Basi hali yake ni ya mzee wa ukoo anayeombwa shauri la ndoa baada ya mahari kupokelewa: husikilizwa kwa taadhima, hushukuriwa, na harusi huendelea.

Hata hivyo mzee huyu ana matendo. Kanuni ya mwaka 1999, iliyoiwezesha Arizona kuzamisha maji ardhini kwa niaba ya Nevada, na siku ya haja kuacha kuchota sehemu yake mtoni ili Nevada ichote, haikutoka ila baada ya athari zake kupimwa. Kanuni za upungufu za mwaka 2007 zilipokuwa zikiandaliwa, ukame ukiwa umekwisha kuyashusha maziwa ya mto huo, Mead na Powell, jumuiya za watetezi wa mazingira, ambazo hazina hata tone katika mgawo, zilileta njia yao: watu walipwe wapunguze matumizi kabla upungufu haujatangazwa. Njia hiyo ikapimwa bega kwa bega na ile ya majimbo, na shauri lililochaguliwa likachukua huku na huku. Hapo ikawekwa alama ya futi 1,075 juu ya usawa wa bahari, kwamba Ziwa Mead likitazamiwa kuwa chini yake, Arizona na Nevada zipunguziwe. Agosti 2021 ilipotangazwa kuwa siku hiyo imefika, manung'uniko yalikuwapo, lakini hakuna gavana aliyepeleka askari.

Wenye wivu hawakosi. Mwaka 2023 bunge la nchi hiyo liliamuru kurasa zisizidi 150, au 300 kwa jambo lenye utata mkubwa mno, tena kazi yote imalizwe kwa miaka miwili. Viambatisho havikuhesabiwa, na bila shaka samaki mwenye nundu ameanza kufunga virago kwenda kuishi huko.

Yasemwa kwamba kitabu hiki hakisomwi. Hakisomwi na rafiki, ni kweli. Lakini wakili wa anayekichukia hukisoma chote, hata maelezo ya chini ya jedwali, akitafuta kiumbe mmoja aliyesahauliwa ili akipeleke mahakamani. Mwandishi wake alijua hayo tangu ukurasa wa kwanza, na kwa hofu hiyo, wala si kwa mapenzi, alimhesabu ndege, akamhesabu samaki, akauhesabu na mwerebi. Mimi sijaona insafu nyingine iliyopatikana kwa njia nyonge kiasi hicho, na kwa hiyo namwombea mtukufu wetu umri mrefu, unene wa kutosha, na maadui wenye kusoma.