Namna ya Kukataliwa na Jarida la Historia Bila Kuaibika

Makala yako itakataliwa. Tukubaliane hapo mapema, maana kukataliwa vizuri ni ufundi, na kila ufundi una njia zake za mkato. Sogea nikupe.

1. Anza nyumbani. Najua unatamani jina lako lisomwe London, nani asiyetamani? Lakini huko waweza kurudishiwa makala kwa mistari miwili ya baridi. Ipeleke kwanza *Tanzania Zamani*, jarida la Chama cha Historia Tanzania na Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukitaka kukataliwa, kataliwa na mtu anayeijua njia ya Kilwa.

2. Chukua kidogo. Wanahistoria Gwassa na Iliffe walikusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Chama cha Historia kikazitoa kama kijitabu tu, na wanafunzi bado wanakinukuu. Hata katika *A History of Tanzania* ya 1969, waliyoihariri Kimambo na Temu kwa niaba ya chama hicho, kila mwandishi alibeba kipande chake. Wewe nani ujitwike nchi nzima? Faili moja pale Nyaraka za Taifa, ukilisoma mpaka karatasi ya mwisho, linakutosha.

3. Mkutanoni, ukipewa dakika 15 soma kurasa sita. Maswali ya ukumbini ni mapitio ya bure. Yaandike yote, hasa lile lililokuudhi.

4. Barua ya jarida ikifika, usijibu usiku huohuo. Funga kompyuta, kula, lala. Kumlaani mpitiaji wa pili ni ruhusa, ila iwe jikoni kwako. Asubuhi chukua karatasi, nakili maswali yake peke yake, maneno makali yaache kwenye barua.

5. Sasa tanbihi. Hapa ndipo wengi tunapojaribu kupita kwa ujanja, na hapa ndipo nilipokamatwa. Niliandika: "Mahojiano na mzee mmoja, Kilwa." Nikajiona nimemaliza kazi. Mpitiaji akaizungushia duara, akaandika pembeni: Mzee gani? Alisikia kwa nani? Lini?

Nilinuna wiki mbili. Kisha nikajiuliza kama ningethubutu kumwandika gavana wa Kijerumani hivyo, "bwana mmoja, Dar es Salaam". Gavana nilimpa jina, cheo, tarehe na namba ya faili. Mzee aliyenipa uji na asubuhi yake nzima nilimnyima hata jina, na makala yote ilikuwa imesimama juu ya maneno yake.

Kwa hiyo, njia fupi kuliko zote: uliza jina kabla hujafungua daftari. Jina la msimulizi, la aliyemsimulia, na siku mliyoketi. Dakika mbili tu. Ukisahau, panda basi la alfajiri urudi, na uwahi.

Mimi sikuwahi. Jina lake kamili nilipewa na mjukuu wake, tumeketi kwenye mkeka uleule. Akaniambia pia kwamba habari ile marehemu aliipata kwa shangazi yake, ambaye hakuna aliyewahi kumhoji. Nikaandika majina yote mawili, nikaituma tena.