Unanunua Gari au Mtungi?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Zilizobaki, wanadamu wamezigawa ovyo: simba kasifiwa kwa kunguruma, dhahabu kwa kung'aa, Land Cruiser kwa kufika. Hakuna aliyewahi kusimama kulisifu gari kuukuu la watu wawili, la paa la turubai, lililopita mikononi mwa watu watano kabla ya kumwangukia wa sita. Leo nasimama mimi. Sababu ninayo, nitaitaja mwishoni.

Nianze na nasaba, maana muungwana hutajwa kwa ukoo wake. Walionogewa na kazi ya kuunda vigari hivi, vifupi, vyepesi, visivyo na bati juu, ni Waingereza, watu ambao kwao mvua hainyeshi kwa kufuata msimu. Upuuzi huo ulikuwa mtamu hata Wajapani wakauonea wivu. Februari 1989, kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Mazda wakatoa la kwao, na mwaka huohuo likaanza kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster: injini ya 1600, taa zinazoinuka kama macho ya chura, uzito usiofika tani moja. Waliolibuni walitaka dereva na gari wawe kitu kimoja, kama farasi na mpandaji wake. Ilipofika 2016, yalikuwa yameshaundwa milioni moja. La kwangu ni la 1991. Namba yake ni B, na kwa mtu wa Dar es Salaam hapo sihitaji kuongeza neno.

Nililikuta Kinondoni kwa dalali, chini ya mkungu. Lilikuwa jekundu upande wa kivulini na la pinki upande wa juani.

"Kaka, hii ilikuwa ya mama mmoja wa ubalozini," dalali akasema. "Imetunzwa. Wewe ni funguo na mafuta tu."

Nikapitisha mkono nyuma ya kiti, chini ya zulia. Ukatoka umelowa. Ilikuwa Aprili, masika yamepamba moto.

"Inavuja?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Kaka, unanunua gari au mtungi?"

Sikuwa na jibu, nikalipa. Leo ni mwaka wa nne nalitafakari swali lile, na naona sikupunjwa: nilipewa vyote viwili kwa bei ya kimoja.

Sifa ya kwanza ya gari hili ni elimu. Mwenye gari la bati hajui maji ya mvua huenda wapi. Kwake yakishatoka kiooni, yameisha. Mimi naijua safari yake yote. Hutiririka juu ya turubai, yakaingia kwenye mfereji uliojificha nyuma ya viti, yakatafuta matundu mawili, moja kila upande, yatokee chini ya gari. Sasa, jirani yangu ana mwarobaini, na vijani vyake vinaenea kwenye matundu yale kana kwamba vilipimwa. Tundu likiziba, maji hayagombi na mtu. Huhamia kwenye zulia, kisha kwenye vizingiti vya milango, yakakaa humo kimya yakila bati kutokea ndani. Kutu ikichungulia mbele ya gurudumu la nyuma, ujue imeshaishi humo siku nyingi na ina wajukuu. Mnunuzi mwenye akili huanzia hapo: hupiga magoti, akabonyeza bati kwa kidole kabla hajaomba liwashwe. Mimi niliomba liwashwe.

Sifa ya pili ni unyenyekevu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na gari hili lote ni mvungu. Mtu hulivaa, halipandi. Na akitaka kutoka, heshima yake hubaki ndani ikamfuata baadaye. Hata kutazama nyuma kuna adabu zake. Kioo cha nyuma ni cha plastiki, na kabla ya kushusha paa sharti ufungue zipu ukilaze taratibu. Ukiwa na haraka hukunjika, na mkunjo ukikaa sana huwa ufa. Jua limekigeuza changu rangi ya chai ya tangawizi, hivyo kila kinachonifuata barabarani nakiona kama picha ya harusi ya babu yangu. Daladala likinipigia honi naliona la kale na la heshima.

Sifa ya tatu ni amani na wezi. Wenzangu wanalala roho juu kwa ajili ya taa na vioo vya pembeni. Mimi nilijifunza mapema kwamba ukifunga milango ya gari la turubai unamlazimisha mwizi kutumia wembe, na paa ni ghali kuliko chochote atakachokikuta ndani. Basi sifungi, na ndani siachi kitu. Siku moja alipita mgeni usiku. Nilimjua kwa sababu asubuhi nilikuta mlango umerudishwa vizuri kuliko nilivyouacha.

Lakini hizo zote ni ndogo mbele ya sifa ya nne, nayo ni watu. Gari la bati lina kiyoyozi na vioo vyeusi. Limeundwa ili usionane na mtu. Hili halina pa kukuficha. Kwenye foleni ya Ubungo, machinga hana kioo cha kugonga: huweka bidhaa kwenye kiti cha abiria, akaanza kuulizia familia. Kabla taa hazijawaka kijani nimeshanunua henga sita na ramani ya Tanzania. Kunguru nao, ambao ukoo wao uliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, hawanipiti bila kuniachia salamu. Na turubai lilipochanika, sikuhangaika kuagiza ng'ambo. Nilikwenda Ilala kwa fundi anayeshona paa za bajaji. Akalizunguka mara mbili, shazia mdomoni, akaitoa ili aseme: "Nimeielewa. Hii ni bajaji iliyosoma."

Kilele cha utukufu wake ilikuwa harusi ya binti wa dada yangu, Jumamosi moja ya Novemba. Ukoo mzima uliamua bibi harusi apande gari la wazi. Hakuna aliyehesabu viti. Viti viwili, na mimi ndiye dereva; bwana harusi akatufuata ndani ya Noah, katikati ya shangazi zake, kama mzigo uliosahaulika. Mbele yetu matarumbeta juu ya pikapu, nyuma vigelegele. Tukiwa njiani, wingu la vuli likaja juu yetu likasimama.

Tone la kwanza lilipoanguka nikaruka nje kuvuta paa. Likainuka nusu, likagoma. Shela ilikuwa imenasa kwenye mikunjo. Hapo ndipo nilipoona gari lisilo na paa linavyomiliki mji. Bodaboda akasimamisha pikipiki, akaikunjua shela kidole kwa kidole kama mtu anayetoa samaki kwenye wavu. Mpiga tarumbeta akashuka, akashika upande wa kushoto. Mama muuza mihogo akalaza kanga yake juu ya nywele za bibi harusi. Tukahesabu mpaka tatu, tukavuta, vibano viwili vikalia "ta, ta". Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Bi harusi alifika ukumbini mkavu. Paa lilivuja, ndiyo, lakini upande wa dereva peke yake. Gari linajua adabu.

Wapinzani watasema rahisi ghali. Ni kweli, ila ughali wake hauji kwa mkupuo. Huja kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi, kama ndugu wa karibu.

Sasa sababu niliyoahidi. Naliuza.

Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja kuliona. Nikamwambia lilikuwa la mwandishi mmoja, mtu mzima, limetunzwa. Yeye ni funguo na mafuta tu. Hakuomba liwashwe. Alipiga magoti mbele ya gurudumu la nyuma, akabonyeza bati kwa kidole. Akainuka, akafungua mlango, akapitisha mkono nyuma ya kiti. Akautoa, akavitazama vidole vyake.

"Mzee, inavuja?"

Nikamtazama kwa huruma. "Kijana wangu, unanunua gari au mtungi?"

Akajifuta mkono kwenye suruali bila haraka.

"Mtungi hauvuji, mzee."

Akaaga vizuri, akapanda bodaboda. Gari bado lipo, chini ya mwarobaini.