Sailensa Haikai

Oili ilikuwa ikivuja kwenye tapeti kava, fundi akabadilisha gasketi, uvujaji ukakoma. Kwa hilo nilimlipa bila kinyongo. Corolla yangu ni ya mwaka 1994, injini ya 5A-FE, imekula chumvi nyingi. Kuvuja kidogo ni haki yake.

Tatizo jipya lilijitambulisha kwenye mataa ya Magomeni. Nilipoondoa mguu kwenye mafuta, gari lilitetemeka hadi kioo cha ndani kikanionyesha daladala mbili mahali palipokuwa na moja. Moshi mweusi ukatanda nyuma. Kijana wa bodaboda pembeni yangu akavuta kola ya shati hadi puani. "Mzee, hiyo gari inakunywa!" Taa zikaruhusu, nikakanyaga, gari likaenda kwa adabu zote. Taa nyekundu iliyofuata, tetemeko likarudi.

Dar es Salaam ina madaktari wa injini wengi kuliko injini zenyewe. Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia asiyewahi kumiliki hata baiskeli, alisema maunti zimekufa. Shemeji aliniagiza kutoka Morogoro nisogeze simu karibu na boneti, akasikiliza kwa makini, akatamka: pampu ya mafuta. Mama wa genge akashauri niliuze. Ushauri wake ndio pekee ambao haukudai spea.

Nilipomrudia, fundi naye alikuwa na lake. "Bosi, haya mafuta ya kuchakachua."

Nikamwambia kwamba EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya wachakachuaji haohao, na kwamba petroli iliyomo ndiyo iliyonileta gereji asubuhi ya gasketi bila kutetemeka. Akahamia kwenye plagi. Alipozifungua zilikuwa zimejaa masizi. "Umeona, bosi? Feki hizi." Plagi haijipaki masizi yenyewe, lakini anayeshika spana ndiye mwenye kauli. Nikatumwa Kariakoo, upande wa Gerezani, nikarudi na plagi nne mpya. Sailensa ilitulia kwa muda wa kumaliza soda, kisha ngoma ikaanza upya, nazo plagi mpya zikaanza kuvaa masizi.

Hapo akaanza kuchomoa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine, injini ikinguruma. Kipimo hiki ni cha kweli: ukichomoa waya wa silinda inayofanya kazi, injini huyumba zaidi, ukichomoa wa silinda iliyokufa, haijali. Waya wa pili ulimpiga shoti, akaruka nyuma na kuwataja Wajapani kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Silinda zote nne zilikuwa hai. Fundi pia, namshukuru Mungu.

Ikabaki kompyuta. Gari la umri huu halina tundu la mashine za kisasa za kupimia. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, kisha unatazama taa ya injini kwenye dashibodi inavyopepesa. Ikipepesa kwa mpigo mmoja bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko na mtu. Ikapepesa hivyohivyo. Kati yetu sote pale, ni kompyuta tu iliyoridhika.

Swali la mkono uligusa wapi mara ya mwisho hakuna aliyeliuliza. Kwenye gereji hilo si swali la heshima, maana jibu lake lina jina la mwenyeji.

Saidia fundi hakuuliza pia. Alipitisha kidole tu kwenye mpira mwembamba utokao kwenye manifoldi kwenda sensa ya vakyumu. Mpira huo ulikauka zamani kwa joto. Ulipovutwa kupisha kava, ncha yake ilipasuka. Sensa ile hupima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, na kompyuta huitegemea kujua imwage petroli kiasi gani. Hewa ya nje ikipenya kwenye ufa, sensa huripoti kwamba dereva amekanyaga mafuta, kumbe kasimama Magomeni anasubiri taa. Petroli inamwagwa ya safari ambayo haipo. Akikanyaga kweli, uongo unakaribiana na ukweli, na gari linatulia. Na kwa kuwa sensa yenyewe ni nzima, inadanganya kwa sauti ya kawaida, kompyuta haishtuki.

Kijana alikata ncha kwa wembe, akausukuma mpira mahali pake. Injini ikashuka, ikakaa.

"Nilijua tu ni hewa," fundi akasema, na kuniomba hela ya soda.

Nikamuuliza ziko wapi plagi zangu za zamani, zile feki.

"Nimeshamfungia mteja mwingine, bosi. Zile zilikuwa orijino."