Alipofika Mwenye Mlima

Sisi wa Konza ni watu wa mbuga tambarare. Kitu kirefu tulichozoea ni twiga. Ndiyo maana mjomba aliposema Jumamosi twende Ol Donyo Sabuk, ule mlima ambao Wakamba tunauita Kyanzavi, nilivaa malapa.

"Utapanda mlima na malapa?" mama akauliza.

"Atapanda na Probox," mjomba akamjibu dadake. "Gari hili limebeba magunia kumi ya mahindi. Litashindwa na watu wawili?"

Tukapitia Machakos, Kangundo na Tala. Langoni askari wa mbuga akatuonya: mbogo ni wengi, tusishukeshuke ovyo. Mlima wenyewe una mita 2,145, na barabara inapanda ikijizungusha msituni kama mtu aliyesahau anakokwenda. Punde nikasikia harufu.

"Mjomba, ni nini hicho?"

"Ni msitu. Nyinyi wa Konza hamjui miti."

Baadaye msitu ukaanza kutoa moshi chini ya boneti. Klachi ilikuwa imeaga dunia. Tukajikokota hadi pahali palipo wazi, na ajabu, palikuwa makaburini.

Hapo amelala William Northrup McMillan, bwana mkubwa kutoka Marekani, mkubwa kwa mali na kwa kiuno, aliyemkaribisha Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka 1909. Ranchi yake ya huku iliukumbatia mlima huu, ambao mwaka 1967 ulifanywa mbuga ya taifa. Alitaka azikwe kileleni. Alipofariki mwaka 1925, husimuliwa, trekta lililovuta jeneza lilianza kuunguza klachi papa hapa, waombolezaji wakatazamana, wakaona hapa panatosha.

Mjomba alisoma jiwe la kaburi, akaligeukia Probox, akanyamaza. Nilipogeuka mimi, nyani alikuwa juu ya boneti na mfuko wetu wa chapati. Moshi haukumsumbua, nadhani alipenda chakula chenye moto.

Tulishuka kwa frii, mjomba akikanyaga breki, mimi nikikanyaga sakafu kumsaidia, lapa moja likiwa limekatika. Maporomoko ya Fourteen Falls, tuliyopanga kuogeshea miguu, tuliyapungia mkono kutoka kwenye kamba ya gari lililotuvuta.

Usiku mama akauliza, "Kwani mlifika kileleni?"

Mjomba akajifuta masizi polepole.

"Tulifika alipofika mwenye mlima."